Fomu ya wosia ya buku tano: nimeitumia kwa mzee wangu Mtwara, majibu haya hapa

Nianze na kilichonisukuma maana bila hivyo mtaniona nina haraka ya kumzika mzee. Baba mkubwa alifariki msimu wa korosho uko katikati, mzigo keshapeleka AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), mnada umepita na hela imeshaingia kwenye akaunti yake si mnajua stakabadhi ghalani, ule mfumo wa korosho kukusanywa ghalani na kuuzwa mnadani, malipo yanapitia benki, sasa mwanae akaenda pale dirishani anajiamini kabisa kwamba yeye ndo kaandikwa mtu wa karibu kwenye fomu ya akaunti kwahiyo atapewa tu. Weee. Akaambiwa mtu wa karibu ni wa kupigiwa simu, sio wa kupewa hela, nenda kalete barua ya usimamizi wa mirathi. Hapo ndo ikaanza safari, mara cheti cha kifo, mara kikao cha familia na muhtasari wake, mara Fomu namba 1 ya mahakama ya mwanzo, tangazo likabandikwa wenye pingamizi wajitokeze, na wakajitokeza kweli, wapwa wa marehemu, huku kusini habari za mjomba na mpwa sio za kuchezea. Hela ya salfa (dawa ya mikorosho) ya msimu uliofuata wakaenda kukopa wakati hela yao ipo benki imelala.

Basi nikasema kwa mzee wetu hii haitokei. Kuna steshenari moja hapa mjini (jina naliacha, jamaa ni mtu poa tu) wanauza fomu ya wosia iliyochapwa tayari, buku tano, unajaza mwenyewe nafasi zilizo wazi, ukitaka na mhuri wa wakili unaongeza hela anakuelekeza pa kwenda.

Kwa muonekano sina shida nayo, kurasa mbili, Kiswahili kinaeleweka, mistari imepangwa vizuri. Kuna sehemu ya kusema nina akili timamu na sijashurutishwa na mtu, kuna jedwali la mali, la warithi, na mstari wa msimamizi. Mtu ambaye hajui hata pa kuanzia ile karatasi inamfungua, na hiyo naipa sifa yake, mzee alivyoliona lile jedwali akaanza kutaja na vitu ambavyo sisi watoto hatukuwahi kuvisikia, kumbe kuna kiwanja Naliendele.

Tatizo lilianza kwenye mashahidi. Fomu ina nafasi mbili tu, na yule kijana wa steshenari akaniambia wewe mwenyewe saini hapo na mdogo wako saini hapo mambo yameisha. Mimi mrithi nishuhudie urithi wangu jamani! Nikamuuliza binti mmoja wa ukoo amesoma sheria akacheka kwanza ndo akanijibu. Akasema kanuni za wosia wa kimila zilizotangazwa 1963, GN 436 (yaani tangazo la serikali namba 436), zinataka mashahidi wawili kama mwenye wosia anajua kusoma na kuandika, na kama hajui wawe wanne, nusu watu wa ukoo nusu watu baki, na wake zake wanaokuwepo nyumbani nao washuhudie. Mzee wangu anaweka dole gumba. Na ana wake wawili, halafu alikuwa anataka jambo lipite kimyakimya mama mdogo asijue. Nikamwambia baba hapa kimyakimya haipo, ndo hicho hicho kitakachokuja kuuvunja. Alinuna siku tatu.

Kuna watu mtaniambia hizo kanuni ziliandikwa kwa makabila yanayofuata upande wa baba na sisi Wamakonde asili yetu ni upande wa mama, ni kweli kabisa, ila mashahidi wanne kuliko wawili hawajawahi kumdhuru mtu.

Halafu kuna suala la dini ambalo fomu haiulizi popote, na hapa kwetu Waislamu ndo wengi sijui aliyeichapa alikuwa anawaza wateja gani. Mzee alitaka nyumba ya Mikindani imwendee kaka mkubwa peke yake. Shehe alivyosomewa akaguna. Wosia haupiti theluthi moja ya mali, na mrithi ambaye tayari ana fungu lake humwandikii wosia mpaka warithi wenzake waridhie. Nyumba ile peke yake ni zaidi ya nusu ya mali yote! Kwahiyo fomu mbili zimeshaharibika hapo, buku kumi.

Na hili ndo wengi hatulijui, mimi mwenyewe nilinunua ile karatasi nikiamini inatukwepesha mahakama. Haikwepeshi. Aliyetajwa kuwa msimamizi bado anaenda mahakamani kuthibitishwa na baadae anapeleka orodha ya mali na hesabu za ugawaji, wosia unachopunguza ni mabishano. Tuna ndugu yuko California yeye alijitengenezea mwenyewe kitu wanaita living trust, unaandika kwamba mali zako zinashikiliwa na trasti, wewe ukiwa hai ndo mdhamini, ukifa anachukua mdhamini uliyemtaja bila kupita mahakamani, na kule wana sababu ya kukimbia maana ada ya wakili wa mirathi imepangwa kwa sheria, 4% ya dola 100,000 za kwanza, 3% ya 100,000 zinazofuata inaendelea hivyo, na msimamizi naye analipwa kwa viwango hivyohivyo. Nikampigia kumuuliza imekaaje. Trasti anayo, kasaini, ina mhuri, ila hati ya nyumba hajawahi kuihamishia kwenye hiyo trasti mpaka leo inasoma jina lake, maana yake nyumba bado ni ya kwenda mahakamani tu. Nikaona kumbe ugonjwa ni mmoja, watu tunapenda karatasi kuliko kuhamisha mali.

Kitu cha kwetu kinachofanya kazi kama hiyo ni hiba, kutoa ukiwa hai, lakini nayo inataka mtoaji atoe, mpokeaji apokee na akabidhiwe kweli sio mdomoni. Mzee akampa dada shamba moja la mikorosho kwa njia hiyo, tukaenda wote mpaka mpakani, majirani wakaona, uongozi wa kijiji ukaandika na jina AMCOS likabadilishwa korosho za pale zipimwe kwa jina la dada. Shamba lile sasa halimo kwenye mirathi. Ubaya wake ni kwamba ukishatoa kurudisha si rahisi, kwahiyo mengine mzee kayashikilia na nadhani kafanya akili maana sisi watoto tunajijua.

Yaliyobaki tuliacha fomu tukaandika wosia upya, mashahidi wanne, mama na mama mdogo wote wapo, tukaupeleka RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wao wanaandika na kutunza wosia, ukiwa wilayani unaanzia ofisi ya mkuu wa wilaya. Kijana wa steshenari alitaka kutupigia laminesheni nikamwambia asante kaka, mzee bado yuko hai huenda akabadili mawazo.

Fomu naipa nyota mbili kwa tano, moja ya lile jedwali na moja ya kiwanja cha Naliendele. Kama hutaki kuandika mwenyewe inunue uitumie kama karatasi ya rafu. Zile mbili tulizoharibu mama mdogo kazikunja anafungia korosho anazouza.