Mshipi wa mkono au fimbo ya rili, upi bora Malindi?

Hili swali haliishi huku kwetu, na mi naona linategemea unavua wapi na unatafuta nini.

Kwa bei mshipi, yaani uzi wa kuvulia unaoushika kwa mkono, hauna mpinzani, nailoni, ndoana, chubwi ya kuzamishia na kipande cha ngisi basi umemaliza, ukikatika unafunga mwingine hapohapo. Fimbo yenye rili, kile kigurudumu cha kuzungushia uzi, yataka pesa na yataka moyo, kila ukirudi uisuuze kwa maji matamu, chumvi ikiingia kwenye rili utaisikia inakwaruza ukizungusha, hapo beringi zishaanza kwenda.

Lakini kwa kolekole fimbo ndo yenyewe jamani, akikimbia rili inaachia uzi kidogokidogo, kwa mkono mshipi unakuchana vidole. Ila mto Sabaki ukishusha tope baharini maji yakawa mekundu, chambo bandia unachorusha kwa fimbo hakionekani, hapo ngisi anayenuka kule chini ndo anakuletea changu na tewa.

Uko mtumbwini unatafuta kitoweo, shika mshipi. Unavua umesimama ufukweni na samaki wako nyuma ya mawimbi, weka pesa ununue fimbo, na anza na ile ya wastani tu.