Hopsi Mbili, Hamira Mbili: Uzoefu Wangu wa Kupika Pale Ale Nyumbani

Ninaishi Portland, Oregon, na kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikipika bia jikoni mwangu, jambo ambalo serikali ya shirikisho ya Marekani inaliruhusu kutokana na sheria aliyoitia saini Rais Jimmy Carter mwaka 1978, mradi bia hiyo isiuzwe. Tathmini hii ni kwa ajili ya msomaji anayetaka kuanza, akafika dukani na kukuta rafu imejaa hopsi (maua machungu ya kutia kwenye bia, huuzwa yakiwa punje) na hamira za kila aina asijue ashike ipi. Mimi nilipoanza nilitumia fedha na mawazo yangu yote kwenye hopsi, na hamira nilikuwa naichukua yoyote iliyokuwa karibu na keshia. Nilikosea.

Ili kulinganisha kwa haki, nilipika pale ale, bia ya rangi ya dhahabu yenye uchungu wa hopsi, Jumamosi na Jumapili, kila siku lita 18, kwa kimea kilekile cha shayiri: kilo nne na robo za kimea cheupe na gramu 300 za kimea cha rangi ya karameli. Nilikiloweka kwa saa moja katika maji ya nyuzi 67, nikachuja, kisha nikayachemsha maji yale matamu kwa dakika 60. Mpiko wa Jumamosi ulipata hopsi za Cascade peke yake, na wa Jumapili East Kent Goldings za Uingereza: gramu 25 mwanzoni kwa ajili ya uchungu, gramu 30 zikiwa zimebaki dakika kumi, na gramu 30 nyingine nilipozima moto, kwa ajili ya harufu. Kila mpiko niliugawa katika ndoo mbili, moja ikatiwa hamira ya US-05 na nyingine S-04, zote za kampuni ya Fermentis ya Ufaransa. Pakiti ina gramu 11.5, na nusu yake iliitosha ndoo ya lita tisa. Nikawa na bia nne.

Nilikulia Marangu, ambako bibi yangu alipika mbege kwa ndizi mbivu na ulezi uliooteshwa, akiitia gome la msesewe ili utamu usizidi. Kazi ya hopsi niliielewa kwa njia hiyo, kwa sababu kimea cha shayiri kikiachwa peke yake hutoa kinywaji kitamu kinachochosha ulimi, na ni lazima kipate kitu kichungu cha kukisimamisha. Cascade zilizalishwa hapahapa Oregon, zikatolewa kwa wakulima mwaka 1972, na ndizo zilizoipa sifa pale ale ya Sierra Nevada, kampuni ya Chico, California. Ukizisugua viganjani, zile punje za kijani huvunjika kuwa unga unaonata, na papo hapo harufu ya ganda la balungi hukupanda puani. Mikono yangu iliendelea kunukia hadi jioni, ingawa nilinawa kwa sabuni mara mbili. Goldings ni za upole zaidi, zina harufu ya maua na asali kwa mbali, na anayetafuta bia ya kunukia matunda hatazipenda.

Hata hivyo, kilichonishangaza kilikuwa hamira. Ndoo mbili za Cascade, zilizotoka sufuria moja siku moja na kukaa bega kwa bega katika nyuzi 18, hazikufanana hata kwa macho nilipozifungua siku ya 14. Ya S-04 ilikuwa imetulia, hamira imelala chini kama udongo uliokandwa, nami nilipoiinamisha ndoo haikusogea. Ya US-05 bado ilikuwa na ukungu, kwa kuwa hamira hiyo hukawia kutuama, na niliiweka kwenye friji siku tatu zaidi kabla ya kuitia kwenye chupa. Haidromita, kifaa kinachoonyesha sukari iliyobaki kwenye bia, ilikuwa imesoma 1.050 kwa zote mbili mwanzoni, lakini mwishoni US-05 ilishuka hadi 1.010 na S-04 ikaishia 1.013. Kwa kuisoma ni tofauti ndogo, ila mdomoni ile ya kwanza ilikuwa kavu na safi, balungi likisikika waziwazi, na ya pili ilikuwa nzito kidogo, yenye ladha ya mkate na tunda lililoiva, harufu ya Cascade ikiwa imejificha nyuma yake. Shemeji yangu, ambaye sikumwambia lolote, alisema bila kusita kwamba hizo ni hopsi mbili tofauti.

Kwa Goldings mambo yaligeuka. US-05 iliiacha bia hiyo ikiwa nyembamba, nzuri lakini haina la kusimulia, ilhali S-04 iliipa mwili, na asali ile ya mbali ikasogea karibu. Hiyo ndiyo niliyoipenda kuliko zote nne.

Yapo mambo mawili yaliyoniponza katika mipiko ya awali, nami nayataja ili yasimpate mwingine. Duka moja liliniuzia hopsi zilizokaa muda mrefu, zikanuka kama jibini, nami nikazitumia kwa kuogopa hasara. Siku hizi ninachukua tu zilizofungwa bila hewa na kuhifadhiwa kwenye baridi. La pili ni maji. Maji ya bomba ya Portland hutoka Bull Run na ni laini sana, lakini hutiwa kloramini, dawa ya kuua vijidudu, na bia yangu ya kwanza ilinuka bandeji kwa sababu hiyo. Nusu kidonge cha Campden, kinachoondoa kloramini, kwenye maji kabla ya kupika kimelimaliza tatizo hilo.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni Cascade na US-05, kwa kuwa hamira hiyo huvumilia joto la chumba linalopandashuka. S-04 nampendekezea mwenye mahali pa baridi isiyobadilika. Mpiko wangu ujao utakuwa Goldings na S-04 kwa lita zote 18, na ndoo nitaiweka stoo ya chini ya nyumba, ambako kipimajoto hakijawahi kuvuka nyuzi 18.