Filta ya UV au hudi: kipi kilinde lenzi yako Bagamoyo?

Enzi za filamu, filta ya UV ilikuwa na kazi yake hasa: filamu ilinasa miale ya urujuanimno (UV), na mandhari ya mbali yakatoka na ukungu wa samawati. Kamera za dijitali zina kioo mbele ya sensa (kinasa picha) kinachozuia sehemu kubwa ya miale hiyo. Kwa hiyo ukinunua filta leo, unanunua kioo cha kinga tu, hata muuzaji akuimbie nini.

Ila kinga yenyewe Bagamoyo inahitajika. Simama soko la samaki upepo ukitoka baharini: si muda lenzi ina utando wa chumvi, na mchanga umeganda juu yake. Ukifuta hivyo hivyo kwa pindo la fulana, unakwangua. Bora ikwanguke filta. Puliza mchanga kwanza, ndipo ufute kwa kitambaa laini chenye unyevu.

Hudi, ile kofia ya plastiki iliyo wazi inayochomoza mbele ya lenzi, haizuii chumvi. Lakini kamera ikigonga ukuta wa matumbawe kule magofu ya Kaole, plastiki ndiyo inayopokea kishindo. Filta ni kioo chembamba, na vipande vyake vyaweza kuikwaruza lenzi. Tena hudi hukata jua la pembeni. Filta ya bei chee isiyo na koting (utando wa kupunguza mng'ao) hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga kwa kila uso wa kioo. Piga picha ya taa usiku uone mizuka yake, yaani madoa ya mwanga yasiyokuwapo.

Mimi hudi haitoki. Filta naifunga ufukweni, na nikielekeza kamera kwenye jua naivua.