Kikomo cha chaji cha asilimia 80: nani kakitengeneza vizuri?

Laptopu nyingi za sasa zina mpangilio wa kukata chaji kabla betri haijajaa. Uwashe. Seli ya lithiamu iliyojaa hufika volti 4.2 au zaidi, na ikishinda hapo huku mashine ikiwa na joto, huchakaa hata kama hujaitumia. Anayefanya kazi mezani, chaja ikiwa imechomekwa kutwa, ndiye anayeumia zaidi. Lakini watengenezaji hawakuutengeneza kwa umakini sawa.

ThinkPad za Lenovo ziko mbele. Programu yao, Lenovo Vantage, inakupa namba mbili: chaji ianzie wapi na iishie wapi. Weka 75 na 80. Namba ya kwanza wengi huidharau, kumbe ndiyo inayozuia betri kudokolewa chaji kila ukichomoa waya dakika mbili na kuurudisha. IdeaPad, nazo za Lenovo, hazina bahati hiyo. Zina swichi moja tu, Conservation Mode, na kiwango kimepangwa kiwandani. Modeli nyingine hukata karibu na 60, ambayo haimtoshi mtu wa safari.

Dell nyingi nazo zina namba mbili, tena ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe iliyo nje ya Windows, kwa hiyo hata ukifuta Windows zinabaki. MyASUS, programu ya laptopu za ASUS, ni rahisi kuelewa: kwenye matoleo mengi unachagua 60, 80 au 100. Udhaifu wake ni kutegemea programu. Ukishasakinisha Windows upya, rudisha programu kwanza, kisha uhakikishe kiwango chako. MacBook zenye Optimized Battery Charging hujifunza ratiba yako na kuchelewesha asilimia 20 za mwisho. Wazo zuri, ila ukiwa huna ratiba inabahatisha, na mara nyingi utakuta imejaa.

Kwenye Linux, TLP, programu ya kusimamia matumizi ya umeme, haina mbwembwe. Fungua /etc/tlp.conf, ondoa alama ya # mwanzoni mwa mistari hii miwili na uiweke hivi:

START_CHARGE_THRESH_BAT0=75
STOP_CHARGE_THRESH_BAT0=80

Kisha endesha sudo tlp start kwenye terminal. Mashine isiyokubali vikomo itabaki kama ilivyokuwa.

Kasoro moja wanayo wote: betri ikikaa miezi bila kujaa, kipimo hupoteza hesabu, na laptopu inaweza kuzimika ghafla ikionyesha 15. Kila baada ya miezi miwili au mitatu, ijaze mpaka 100, itumie ishuke karibu na 10, kisha irudishe kwenye kikomo.

Tena, kikomo hakifufui betri. Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, ufungue faili utakayoonyeshwa, ulinganishe DESIGN CAPACITY (uwezo wa betri ilipokuwa mpya) na FULL CHARGE CAPACITY (uwezo wake sasa ikijaa). Ya pili ikiwa chini ya asilimia 70 ya ile ya kwanza, anza kutafuta betri nyingine. Na ukiona tachipedi imekuwa ngumu kubonyeka au kifuniko cha chini kimeinuka upande mmoja, betri imevimba: zima, chomoa chaja, usiibonyeze wala kuitoboa, mpelekee fundi.