Godoro la hewa au mikono ya kumgeuza?

Bibi yetu hapa Lamu hatoki tena kitandani, na vidonda vya kulalia huanzia juu ya makalio na visiginoni. Godoro la hewa hugawa uzito vizuri, lakini mengi hutaka umeme. Hata ukilipata, kugeuza kusiachwe.

Kumgeuza kila baada ya saa 2 hivi kunataka mikono na mito tu: muinamishe ubavu kama nyuzi 30, visigino visiguse shuka. Mimi nashika kugeuza kwanza, maana ndipo unapoiona ngozi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Weka kiganja, usikie kama pana joto au ugumu. Ukikuta hivyo, usipasugue mahali hapo kabisa. Mafuta ya nazi yapake miguuni palipokauka.