Mizani ya jikoni: miezi saba bila sufuria ya pili

Nilipoambiwa nina kisukari aina ya pili, nilianza kupika sufuria mbili. Kubwa ilikuwa ya familia, wali na mchuzi wake. Ndogo ilikuwa yangu, kabichi ya kuchemsha isiyo na mafuta wala kiungo. Nilikula hivyo karibu mwaka mzima, mara nyingi nikiwa nimesimama hukohuko jikoni, maana kukaa mezani na kuutazama wali wa wenzangu kuliniumiza. Na sukari yenyewe haikutulia. Siku sita navumilia kabichi, ya saba uvumilivu unaisha, najipakulia sahani ya wali, na kipimo kinanipa namba ya kutisha.

Miezi saba iliyopita nilinunua mizani ndogo ya jikoni, ile bapa ya kioo inayotumia betri. Inabeba hadi kilo 5 na inasoma gramu moja moja. Nilipoileta nyumbani niliijaribu kwa maji: mililita 200 zinapaswa kuwa na uzito wa gramu 200, nayo ikasoma 201. Nikaiamini.

Mtaalamu wa lishe alikuwa ameshaniambia nisiukimbie wali, nijue tu ninaokula ni kiasi gani. Gramu 100 za wali zina wanga kama gramu 28. Nililisikia, lakini sikuwa na picha yoyote ya gramu 100 kichwani. Basi siku ya kwanza nikaweka sahani juu ya mizani, nikabonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, nikapakua kama nilivyozoea tangu ujana. Ikasoma 340. Nilibaki nimeshika upawa, naitazama ile namba. Gramu 95 za wanga kwa sahani moja, na miaka yote hiyo nilijiona mlaji wa kiasi!

Siku hizi mboga zinaingia kwanza, nusu ya sahani, wala sizipimi. Robo ni samaki, kuku au mayai. Kisha nabonyeza sifuri na kupakua wali mpaka isome 150. Nikila maharage nashusha wali hadi 100, kwa sababu maharage nayo yana wanga, ingawa nyuzinyuzi zake huufanya usikimbilie damuni. Jambo moja lilinichanganya wiki za mwanzo: hesabu niliyopewa ni ya wali, siyo ya mchele. Mchele ukiiva uzito wake unafika karibu mara tatu, kwa hiyo ukipima mchele ukatumia hesabu ya wali, umejidanganya vibaya.

Kipima sukari ndicho kilichonithibitishia. Saa mbili baada ya kuanza kula ile sahani ya gramu 340 nilisoma 13.4 (mmol/L, kipimo cha sukari kwenye damu). Kwa gramu 150, mchuzi uleule wenye nazi na vitunguu, nilisoma 8.2, na lengo nililowekewa na daktari ni chini ya 10. Nilijaribu pia kumaliza mboga na samaki kabla ya kugusa wali, na namba zangu zikawa nzuri zaidi. Huo umekuwa mtindo wangu. Ukipima, nawa mikono kwanza; utamu wa tunda ukibaki kidoleni unaweza kukupa namba ya uongo.

Mizani ina kasoro zake. Sahani pana inaziba namba, inabidi niiname na kuchungulia kwa pembeni. Mvuke wa chakula cha moto unatia ukungu kwenye kioo. Kinachonikera hasa ni kwamba inajizima baada ya dakika mbili, na ikijizima inasahau sifuri niliyoweka, kwa hiyo mtu akiniita katikati ya kupakua naanza upya. Na kwa vitu vyepesi kama chumvi haifai, gramu mbili tatu haizioni vizuri.

Kwa dawa za kisukari, mimi natumia metformin peke yake. Kama unatumia insulini au vidonge kama glibenclamide, usipunguze wanga kwa mkupuo kabla hujazungumza na daktari, sukari inaweza kushuka kupita kiasi.

Mchuzi napika mmoja sasa, na ninakula nimekaa. Binti yangu wa mwisho ndiye msomaji wa namba: "Mama, 146, ongeza kijiko." Naongeza, na kile kijiko nakila kwa raha ambayo sikuwa nayo hata kabla ya kuugua.

Wiki iliyopita nimemnunulia dada yangu ya kwake, naye ana kisukari. Hiyo nimeichagua yenye uso wa namba unaovutika nje, sahani isiuzibe.