Duka kubwa la modeli (vile vifaa vya plastiki vya kuunganisha mwenyewe) au kale kadogo, ukiwa safarini nje?

Duka kubwa raha yake ni machaguo, ndege za 1/72 (yaani ndogo mara 72 kuliko halisi) na 1/48, vifaru vya 1/35, bei zimebandikwa, kadi inapita, ila vingi vya humo hata mtandaoni utavipata. Mimi nikiwa na masaa mawili tu naenda kaduka kadogo, maana huko ndo unakuta maboksi ya modeli zilizoacha kutengenezwa zamani, na mwenye duka mara nyingi ni muundaji wa modeli mwenyewe kwa hiyo atakuonyesha kabisa kipande gani kinasumbua kukaa, hiyo mtandao haukupi. Cheki tu siku wanazofunga. Kote kote rangi za enameli na gundi zinazoshika moto ziache, kwenye ndege haziruhusiwi hata kwenye begi la kukabidhi.